"Musimulamushe, ametoka posti ya usiku!" Vichekesho vya watoto wetu mu vakansi

Kila mwaka, shule zikifunga mwanzo wa Julai, swali moja linaanza kuzunguka mu nyumba za watu wa mine, toka Kipushi mpaka Kolwezi: "Baba, mwaka huu tunaenda wapi?" Na jibu tunalijua wote. Baba anatafuta simu yake, anaangalia chini, anasema: "Tutaona."

Sisi tunaoandika maneno haya ni wazazi, ni watumishi wa mine, ni watu wa sendika. Kwa kawaida tunaongeaka juu ya mishahara, juu ya vumbi, juu ya kofia za kazi na magonjwa ya kifua. Leo tunaomba ruhusa ya kuongea juu ya vicheko vya watoto. Lakini msomaji asifikiri kama tumeacha kazi yetu. Akitufuata mpaka mwisho, ataona kama kicheko cha mtoto na konje ya baba ni ndugu wa tumbo moja.

Tuko familia 12. Tuko na likelemba yetu: kila mwisho wa mwezi, kila familia inaweka kitu kidogo mu sanduku, na hizo falanga haziguswi kwa kilio wala kwa ndoa. Ni za watoto kutembea. Tulianza na zoo ya Lubumbashi, mwisho tukafika mpaka Johannesburg. Tumekusanya hapa yale ambayo watoto wametufanyia njiani.

Mamba na usingizi wake

Kwa watoto wengi wa Lubumbashi, safari ya kwanza haina ndege wala bahari. Ni zoo ya muji. Unalipa mlangoni, unaingia na kikapu cha mama chenye mikate, karanga na maji, na mtoto anaona kwa macho yake simba ambaye alimujua tu mu kitabu cha shule.

Mu eneo hilo la zoo, tangu mwaka 2006, kuko pia kituo cha J.A.C.K., kinacholea watoto wa sokomutu walionyang'anywa mikononi mwa watu waliokuwa wanawauza. Wakubwa tunajua habari hiyo ilivyo ya huzuni: ili mtu akamate mtoto wa sokomutu, mara nyingi anaua mama yake kwanza. Tuliwaeleza watoto pole pole, tukachagua maneno. Binti mmoja wa miaka sita alisikiliza yote, akafikiri, akauliza: "Sasa, kama mama yake hayuko, nani anamupikiaka bukari?" Tulipomwambia kama wanakulaka matunda na maziwa, alihuzunika zaidi kuliko aliposikia habari ya mama. Siku nzima alikuwa anasema: "Hawana hata bukari, maskini."

Lakini kichekesho cha siku ile kilitoka kwa mamba. Alikuwa amelala pembeni ya maji, hatikisiki. Watoto wakapiga makofi, wakaita, wakapiga miluzi. Mamba, hata jicho. Pale kijana mmoja wa miaka mitano akatoka mbele, akapanua mikono kama polisi wa njia, akasema kwa sauti ya chini lakini kali:

"Musimulamushe! Ametoka posti ya usiku!"

Watoto wote wakanyamaza palepale. Wale zaidi ya 30 wakapita mbele ya mamba mmoja mmoja, kwa vidole vya miguu, viatu mkononi. Likaja kundi lingine la shule ambalo hatulijui, yule kijana akawaendea na wao, kidole mdomoni: "Pole pole. Usiku alitumika." Na wao wakapita vilevile. Mzee mmoja aliyekuwa anaongea na simu, naye akapunguza sauti.

Tulicheka mpaka machozi. Baba ya yule kijana alicheka kuliko wote, kisha akawa kimya kidogo. Miezi mingi alikuwa anatumika zamu ya usiku. Asubuhi akirudi, mama anafunga mlango wa chumba, anawaambia watoto wasipige kelele. Kwa yule mtoto, baba alikuwa ni mlango uliofungwa na viatu viwili mbele yake. Aliposimama mbele ya mamba, alifanya tu heshima ambayo alifundishwa ku nyumba.

Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo

Kati yetu, wenye kupita miaka 40 tulikomea mu kambi za wafanyakazi. Union Minière ilikuwa ya kwanza kujenga zile kambi. Baada ya serikali kuchukua mali yake mwaka 1967, kazi ikaendelea na kampuni ya taifa, ambayo leo inaitwa Gécamines. Mu kambi mulikuwa shule, hospitali, kantini ya bunga, nyumba ya kufundishia akina mama, na uwanja wa watoto wenye bembea na tobogani ya chuma. Hatusemi kama yote ilikuwa muzuri. Kambi ilikuwa pia na macho ya kampuni kila mahali, mpaka mu sufuria. Lakini bembea ilikuwako.

Na tarehe 6 Desemba Saint Nicolas alikuwa anafika, na ndevu za pamba na fimbo ndefu, anagawa mipira na bombo. Mwaka mmoja alikuja, sisi tukapanga mstari, tunatetemeka. Mmoja wetu, mwenye macho makali, akaangalia chini ya lile joho. Kiatu cha kushoto cha Saint Nicolas kilikuwa kimeshonwa na waya ya shaba. Mu kambi nzima kulikuwa kiatu kimoja tu cha namna ile. Mtoto akapaza sauti: "Mama! Ni baba ya jirani!" Saint Nicolas akainama, ndevu zikamkaribia mtoto usoni, akanong'ona: "Nyamaza, ao bombo hakuna." Mtoto akanyamaza. Alipata bombo mbili. Leo yeye njo anatuandikia barua za sendika, na tunasema kama siku ile alijifunza namna ya kupatana na wakubwa.

Miaka ya 1990 ilivunja mambo mengi. Mwaka 2003, mu mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliolipiwa na Banque mondiale, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Bembea nyingi zilibaki na minyororo bila kiti. Leo wengi wetu tunatumikia makampuni mapya, ao wakontrakta wa wakontrakta, na watoto wetu wanakomea mu makartie ambamo mtu akitaka mtoto aruke, anamupeleka ku harusi. Njo maana ya likelemba yetu.

Njia ya Johannesburg

Wazo la Johannesburg lilitoka kwa shangazi mmoja anayeishi kule miaka mingi. Alituambia: "Huku kuko uwanja mukubwa wa michezo ya watoto, na uwanja huo wameujenga juu ya mine ya zamani. Watoto wanashuka chini na kofia ya taa." Tulifikiri anatania. Kumbe ni kweli. Jina lake ni Gold Reef City, kusini ya katikati ya muji, pahali pa Crown Mines, kwenye shimo namba 14. Kule dhahabu ilianza kuchimbwa baada ya kuvumbuliwa mwaka 1886. Mine ilipofungwa, watu wakaweka juu yake nyumba za mtindo wa zamani na mashine za kurusha watu, na uwanja ukafunguliwa mu miaka ya 1980.

Likelemba haikutosha kwa wote. Tulipiga kura, familia tatu zikaenda, zingine zitafuata. Pasipoti, viza, karatasi za kuzaliwa za watoto, karatasi ya chanjo ya homa ya manjano: hiyo peke ilichukua miezi. Kisha bisi: Kasumbalesa, Zambia nzima, Chirundu, Zimbabwe, Beitbridge. Ni njia ndefu yenye kuvunja mgongo, lakini si ya jana. Reli iliyotoka upande wa kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na watu wa kazi walipita nayo kabla ya mababu zetu kujua kusoma.

Ku Kasumbalesa tulikuwa na binti wa miaka minne. Nkambo wake alikuwa ametuma zawadi kwa shangazi: bitoyo, finkubala kavu na sombe ya kukauka, vyote chini kabisa ya valizi, juu yake nguo. Hakuna kitu kibaya, ila harufu. Tulimwambia binti: "Hapa usiseme neno." Ofisa mmoja, mtu wa moyo muzuri, anajua Swahili, akamuinamia: "Mama mudogo, mu valizi muko nini?" Binti akafunga mdomo na mikono miwili, akatikisa kichwa.

"Haujui?"

Akaondoa mkono mmoja: "Minajua. Lakini walisema nisiseme."

Mstari mzima ukanyamaza. Ofisa akafungua valizi, harufu ya bitoyo ikatoka ikasalimia watu wote. Yule ofisa akaita wenzake waje waone "siri ya Wakongomani." Alipomaliza kucheka akafunga valizi yeye mwenyewe, akasema shangazi ni mtu wa bahati.

Baada ya mpaka, watoto walianza mchezo wa kuhesabu malori yanayobeba shaba kwenda bandari. Walihesabu mpaka 100, juu ya mudogo wao hakujua namba inayofuata, wakaanza tena moja. Walianza tena mara nyingi sana kabla ya usingizi kuwashinda.

Moshi, mkate na Anaconda

Julai ni baridi ku Lubumbashi. Ku Johannesburg ni baridi ya kuuma meno. Asubuhi ya kwanza yule binti wa Kasumbalesa alitoka inje, akapumua, akaona pumzi yake nyeupe. Alikimbia ndani: "Mama! Minatoa moshi sawa cheminée ya Gécamines!" Wasomaji wa Lubumbashi wanaijua ile cheminée, yenye kupita mita 150, inayoonekana toka kila kona ya muji. Ile asubuhi zilikuwa cheminée saba mu lopango ya shangazi, zinashindana nani anatoa moshi mingi.

Ku Gold Reef City, mbele ya mashine kubwa kuko alama ya urefu. Mtoto asiyefika kwenye alama hapandi, kwa usalama wake. Kijana mmoja wa miaka minane alikosa kidogo tu. Hakulia. Aliomba mkate, akaenda nyuma ya mama yake, akarudi akiwa murefu. Mtumishi wa mlango akampima, akashangaa, kisha akaangalia chini na kuona makombo. Kijana alikuwa ameweka vipande vya mkate mu viatu, viwili kila mguu. Walimrudisha kwa heshima. Mchana njala ilipomuuma, alikaa pembeni, akavua viatu, na tukamkuta anakula ile mipango yake iliyoshindikana.

Baba yake anaendeshaka lori kubwa la mine lenye magurudumu kumpita urefu, anashuka nalo mu shimo kila siku. Alitangaza kwa watu wote kama michezo hii ni ya wanawake na watoto. Alipanda Anaconda pamoja na mke wake. Ni mashine ambayo inabeba watu chini ya reli, miguu inaning'inia, inawapindua kichwa chini. Iliporudi, mama alikuwa anapiga kelele "Tena! Tena!" Baba alikuwa amefunga macho, mikono imeshika chuma, na mtumishi alimuomba mara tatu ateremke kabla ya kusikia. Watoto wakamuletea maji. Binti wake akampiga piga mgongo, akasema maneno ambayo baba mwenyewe anamwambiaka akianguka: "Basi, basi. Imeisha. Wewe ni mwanaume." Mama alirudia mara mbili.

Mita 75 chini ya ardhi

Sehemu ambayo sisi watu wa mine tulingojea ni kushuka mu shimo. Zamani watembezi walishushwa chini zaidi. Sasa wanafika kama mita 75. Unapewa kofia na taa, unaingia mu lifti ya chuma. Kofia zilikuwa kubwa, watoto walionekana kama uyoga unaotembea. Lifti ilipoanza kushuka, kijana wa miaka sita alifumba macho akaanza kusali Baba Yetu kwa sauti. Alifika kwenye mkate, akakatiza, akafungua macho: "Mama, mikate ilibaki wapi?"

Chini kule aliyetuongoza ni mzee mmoja, alifanya kazi ya mine ujana wake wote. Alieleza namna watu walichimba wakiwa wamelala ubavu, mu mwamba mwembamba, mu joto na giza. Kisha akauliza kama kuko swali. Yule kijana akainua mkono. Shangazi akatafsiri.

"Nani njo delege wenu?"

Mzee hakuelewa mara ya kwanza. Alipoelewa, alicheka sana, sauti ikaenda mbali mu giza. Alisema kama alikuwa mu NUM, sendika ya wachimbaji iliyoanzishwa mwaka 1982, na kama mu mugomo mukubwa wa mwaka 1987 alikuwamo na yeye, pamoja na mamia ya maelfu ya wenzake. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akauliza la pili: "Na primu ya chini ya ardhi, wanakulipaka?" Mzee akaangalia juu, akaangalia kushoto, akasema: "Hilo, mwanangu, tutaongea tukiwa juu." Watembezi wote wakapiga makofi. Mtoto huyo hakuna mtu aliyemufundisha. Amekaa tu chini ya meza wakati wa mikutano yetu.

Tukiwa tena juu, tulionyeshwa dhahabu inavyoyeyushwa na kumiminwa. Inamulika kama jua dogo. Pale binti mmoja akauliza swali ambalo halikuwa la kuchekesha: "Baba, kwetu shaba inatokaka kila siku. Mbona hatujaiona hata siku moja?" Baba akamjibu: "Uliiona. Uliihesabu mu njia, ndani ya malori." Binti akasema: "Ah. Njo ile ilikuwa inaondoka."

Mikono juu

Jioni, tukitoka, kwenye geti ya uwanja kulikuwa mlinzi mrefu, sura ya kukunja. Kijana wa delege alikuwa amejaza mifuko mawe aliyookota mu njia ya bustani. Kwake yote ni dhahabu. Alipofika mbele ya mlinzi, bila mtu kumwambia kitu, alisimama, akavua viatu, akageuza mifuko, mawe yakaanguka, akainua mikono juu, akazunguka pole pole ili apekuliwe mgongo pia.

Mlinzi alituangalia sisi, hajui kinachotokea. Mtoto akasema, na shangazi akatafsiri: "Baba anafanyaka hivi kila mangaribi akitoka ku kazi."

Ni kweli. Watoto wakipelekaka chakula ku geti ya mine, wanaona. Baba yake hakujua kama mtoto aliona, tena kama aliona vizuri namna ile, mpaka kuzunguka.

Yule mlinzi alifikiri kidogo. Kisha akavua kofia yake, akainua mikono yake mwenyewe juu, akazunguka, akamwambia mtoto kwa ishara: na wewe unipekue. Mtoto akampekua kwa kazi yote, mifuko ya mbele, mifuko ya nyuma, soksi. Akapata bombo moja ya mnanaa. Mlinzi akamwachia. Mawe pia akamrudishia yote. Mpaka leo yako mu kopo la maziwa chini ya kitanda, na tumekatazwa kuyagusa.

Wanachokumbuka

Siyo Johannesburg peke. Ndugu mmoja anayeishi Ubelgiji alitutumia sauti kwa simu. Alipeleka watoto wake ku Walibi, uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka 1975 ku Wavre. Jina lenyewe limetengenezwa kwa herufi za kwanza za Wavre, Limal na Bierges. Mpwa wake alikuwa amefika toka Likasi wiki chache tu. Walisimama mu mstari karibu saa nzima. Mtoto alivumilia vizuri sana kuliko binamu zake waliozaliwa kule, hata mara moja hakulalamika. Walipokaribia mbele, alimvuta mjomba mkono: "Muyomba, tulisahau mufuko. Bunga watatutilia mu nini?" Kwake mstari mrefu ni wa kugawa kitu. Kumpandisha mu kigari na kumrusha hewani bila kumpa kitu mkononi, aliona kama wamemudanganya.

Septemba, shule zilipofungua, mwalimu aliwaomba watoto waandike juu ya vakansi yao. Tulikimbilia kusoma yale madaftari, tukitafuta Anaconda, tukitafuta dhahabu, tukitafuta faida ya falanga zetu. Yule wa mkate ku viatu aliandika mistari kumi. Gold Reef City ilipata mustari mumoja. Mingine ilisema: tulilala mu bisi, baba alinibeba mgongoni, baba aliogopa, baba alicheka, baba hakulala mchana.

Konje haiuzwi

Hapa njo tulitaka kufika. Kila mwaka tunaona watumishi wenzetu wanabadilisha konje yao na makuta. Tunaelewa sababu: minerval, kodi ya nyumba, mgonjwa. Wengine hawaiombi kabisa, juu ya kuogopa kama wakirudi watakuta mtu mwingine amekalia kazi. Hasa wale wa wakontrakta. Lakini Kodi ya kazi ya nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema wazi: mtumishi mwenye kupita miaka 18 ana haki ya konje ya kulipwa, si chini ya siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika. Kwa mwenye chini ya miaka 18 ni siku moja na nusu. Na kila miaka mitano ya kazi inaongeza siku moja. Mwenye miaka kumi ana siku 14 za kazi kwa mwaka, kwa uchache. Mapatano ya sendika na kampuni yanaweza kuzidisha, hayawezi kupunguza.

Hizo siku hazikuwekwa mu sheria kwa kupamba. Mwili wa mtu wa mine unazihitaji. Na mu nyumba kuko mtu mdogo anayemujua baba kwa viatu vyake vilivyo mlangoni. Makuta ya konje iliyouzwa yanaisha mwezi ule ule. Mtoto wa miaka mitano hatakuwa tena na miaka mitano mwaka kesho.

Haiko lazima Johannesburg. Zoo ya muji inatosha. Bembea ya kamba chini ya muembe inatosha, ikiwa baba ni yeye anayesukuma. Kwa wazazi wanaotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

Ombeni konje kwa karatasi, miezi mitatu mbele, mubaki na kopi yenye tarehe na sahihi. Likelemba ya watoto iwe na sanduku lake na watu watatu wa kuliangalia, mmoja awe mama. Kwa safari ya inje, anzeni na pasipoti na viza kabla ya kununua hata tikiti moja. Andikeni namba ya simu ku mkono wa kila mtoto, juu ya mahali penye watu wengi mtoto anapotea haraka. Bebeni mkate mwingi. Na ku mpaka, musimuambie mtoto anyamaze: mwacheni aseme bitoyo, mutapita haraka zaidi.

Wenye kutaka kuanza likelemba kama yetu mu kartie yao, waulize delege wa sendika aliye karibu nao. Tutakuja kuwaeleza hesabu bila kulipisha kitu. Familia zetu tisa zilizobaki zimeanza kuhesabu. Yule kijana wa mamba yumo mu kundi linalofuata. Baba yake ametoka zamu ya usiku sasa, amepewa ya mchana, na karatasi yake ya konje ya Julai imekwisha kutiwa sahihi.

Vakansi njema kwa wote.